Usiniachie Mpaka Nikutukane

Kosa langu si kwamba nilimshika miguu. Wengi wanaolijua jambo hili hunilaumu kwa hilo, kwamba mwanamume mzima alikaa sakafuni akambana mwanamke miguu huku mwenzake akimpiga kwa fimbo. Kumshika aliniomba mwenyewe, Mungu shahidi. Kosa langu ni kwamba nilimwachia. Nalikiri kila ninaposujudu, na leo nalikiri mbele yako wewe pia, maana kukiri kwa Mola peke yake, ambaye analijua tayari, nimeona ni kama kujificha.

Alikuwa binti wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo dada yangu. Nyumba ni ya kwao, imejengwa imeegemea ukuta wa mji, ule ukuta wa kale ambao wageni hawachoki kuupiga picha. Yaani ukuta wa nyuma wa nyumba ndio huohuo ukuta wa mji, mnene kiasi cha mtu kulala juu yake kwa upana bila kuning'iniza miguu. Nje yake ni miamba, na baada ya miamba ni bahari, na pale kuna wimbi ambalo watu husafiri kutoka mbali kulipanda kwa mbao zao. Dada alikuwa akipangisha vyumba vya juu. Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa akiwafundisha wageni kusimama juu ya ubao bila kuvunjika shingo. Mimi kazi yangu ilikuwa kusuuza mbao kwa maji baridi ya bomba, kufua zile suti za mpira wanazovaa, na kuzianika darini, juu ya paa, zikiwa zimegeuzwa ndani nje. Chumvi ilinikaukia mikononi mpaka kwenye viwiko. Ndiyo maana dada akaniita Chumvi, na mji mzima ukamfuata.

Dada alikuwa na ulimi. Asubuhi nikishuka ngazi ananipokea hivi: "Chumvi, umeamka, au bado unafufuliwa?" Mgeni akiacha mchanga kitandani anamwambia, kwa tabasamu, "Wewe ungezaliwa punda ungekuwa na adabu zaidi," na mgeni, kwa kuwa haelewi neno, anashukuru. Hayo yalikuwa matani. Hasira yake yenyewe ilikuwa kitu kingine. Dada hakukasirika ovyo. Hasira yake ilikuwa na macho, ilijua inakokwenda, na mara nyingi ilikuwa inakwenda kwa shemeji.

Sasa, chini kabisa, kwenye stoo, palikuwa na tundu katika ule ukuta. Lilikuwa usawa wa goti, pana kiasi cha kupitisha mkono na shati lake, limenyooka hadi kwenye miamba. Maji yakijaa yalisukuma hewa ndani, puu, na yakirudi yaliivuta, fyuu. Nyumba nzima ilikuwa ikipumua kwa tundu lile. Sote tulilelewa na pumzi hiyo. Mama mkubwa, alipokuwa kitandani na hana tena nguvu ya kugeuka, alituita akasema: "Kwa lile tundu huingia vitu. Msiviogope. Huingia, huzunguka, hutoka. Ila msivifungie ndani." Shemeji aliinamisha kichwa kwa heshima. Kisha, tulipokuwa kwenye ngazi, akanikonyeza.

Msimu ule mawimbi yalikuwa makubwa na mbao zikawa zinapasuka. Shemeji alikuwa akizitengeneza mwenyewe humo stoo, kwa faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, na ile gundi yake yenye harufu ya kuumiza kichwa. Lakini gundi hiyo haitaki unyevu. Ikiguswa na hewa ya bahari inabaki inanata, inafanya ukungu mweupe juu, na kazi yote inaharibika. Akavumilia, akavumilia, halafu siku moja dada alipokuwa sokoni akachukua vipande vya faiba, akavilowesha gundi, akavishindilia ndani ya tundu moja kwa moja, akaacha vikauke vikawa jiwe. Juu akapaka chokaa. Mimi nilimshikia ndoo ya chokaa.

Asubuhi yake nilimkuta dada katikati ya korido, ndala moja mguuni na nyingine mkononi, ameinua uso kama mtu anayenusa moshi.

"Chumvi," alisema, "nani kainyonga nyumba?"

Hapo ndipo niliposikia. Nyumba ilikuwa kimya kabisa.

Aligombana na shemeji mpaka wageni wakafunga milango. Shemeji hakukataa. Alisema ndiyo nimeziba, na wageni wamelala vizuri kwa mara ya kwanza, na msimu ukiisha nitazibua, na mwanamke gani mwenye akili anaogopa ukimya? Dada akachukua nyundo akashuka stoo. Faiba ile ilimrudishia nyundo kama mpira. Shemeji akamnyang'anya, akasema kwa sauti ya kuonewa, "Unataka watu wa ofisi ya ukuta watufukuze? Huu ni ukuta wa kale huu, haupigwi nyundo!"

"Wewe!" dada alisema. "Wewe uliyeujaza plastiki!"

Akaniangalia mimi. Nami nilikuwa nakula kwa shemeji, nalala kwa shemeji, basi nikaangalia ndoo.

Mambo yalianza madogomadogo. Mbao za wageni tulizozoea kuziegemeza koridoni, matumbo nje, tulizikuta asubuhi zote zimegeuzwa, zimeuangalia ukuta kama watoto walioadhibiwa. Nikazirudisha. Kesho yake zimegeuka tena, na zinadondosha maji, ilhali nilizifuta mwenyewe zikakauka. Nikayagusa maji yale kwa ulimi. Yalikuwa ya chumvi, na yalikuwa ya vuguvugu, kama machozi. Ikaja harufu: ile gundi, na ndani yake mwani uliooza, na ndani zaidi kitu kama nywele za mtu zilizolowa na kufungwa zikiwa mbichi. Nilipiga sabuni korido nzima, harufu ikakaa juu ya sabuni. Na siku moja, mchana kweupe, nasuuza ubao mrefu wa mgeni mmoja, nikauinua begani, sikio langu likagusa ngozi yake. Ndani ya ubao, ambamo hamna kitu ila povu gumu, kitu kilivuta pumzi. Fyuu. Kikangoja. Kikaitoa.

Nikauweka chini taratibu, kama unavyomweka mtoto aliyelala, nikaenda kusali. Nilipaswa kwenda kuleta nyundo.

Halafu akaja yule mpole.

Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana. Dada alitoka chumbani akaketi, akaweka mikono mapajani, akasema kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, "Mume wangu, nimefikiri. Kile chumba cha mama tuwape wageni. Kinakaa bure."

Shemeji aliacha kijiko hewani. Chumba kile alikuwa amekiomba tangu mama mkubwa azikwe, na kila alipokiomba alipewa majibu ambayo siwezi kuyaandika. "Kweli, mke wangu?"

"Kweli. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba." Akanigeukia. "Kula, mwanangu. Umechoka."

Mwanangu! Nimemzidi dada umri kwa miaka kadhaa. Nilicheka nikidhani ni utani mpya, lakini hakucheka. Aliangalia dirisha lililo upande wa bahari, hakupepesa jicho, na chini ya meza ndala zake zilikuwa zimevaliwa kushoto kulia, kulia kushoto, kama za mtu ambaye ameona watu wakivaa ndala lakini yeye hajawahi kuvaa.

Jioni dada alipanda ngazi akakuta mbao za watu zimelazwa juu ya kitanda cha mama yake. Nyumba ilitikisika. Alizitupa moja moja koridoni. "Nani? Nani kathubutu?"

"Wewe mwenyewe," shemeji alisema. "Mchana huu. Muulize Chumvi."

Dada akaniuliza kwa macho. Nikasema ndiyo, dada, ulisema. Niliona hasira ikimtoka usoni na mahali pake pakaingia kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake, hofu, na haikudumu, maana palepale hasira ilirudi ikiwa kubwa zaidi.

Baada ya hapo wakawa wawili katika mwili mmoja. Mpole akija, shemeji anabebwa kama yai: anapewa maji ya kuoga, anaitikiwa, anaambiwa ndiyo. Dada akirudi, anakuta mambo yameamuliwa kwa kinywa chake, na anawaka. Na shemeji, nisemeje, kila mtu huamini kile kinachompa raha. Alianza kusema kwa watu, kwa sauti ya huzuni, "Mke wangu ameingiliwa. Kuna wakati ni yeye, mtulivu, mke mwema. Halafu jini linapanda, anatukana, anavunja vitu." Watu wakampa pole. Hakuna hata mmoja aliyesema, lakini bwana, mkeo tangu tumjue ndiye yule anayetukana. Hata mimi sikusema.

Siku moja saa za jua kali dada alinifuata darini. Nilikuwa naanika suti. Zilijaa kwenye kamba, nyeusi, mikono imening'inia, upepo ukizijaza miguu, na dada akapita katikati yake akaja akasimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia meno yake yakigongana kwenye lile jua.

"Chumvi," alinong'ona. "Jana mchana nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa mezani, dada. Tulikula."

"Hapana. Nyinyi mlikula. Niliwasikia. Nilisikia kijiko cha mume wangu, nilikusikia wewe unavyotafuna kama mbuzi. Mimi nilikuwa ndani ya ukuta." Alinishika mkono, vidole vyake vilikuwa baridi kama bomba la asubuhi. "Kuna baridi mle, Chumvi. Kuna giza na kuna maji yanayopanda mpaka hapa, halafu yanashuka, na mbele nimezibiwa. Nilipiga kelele, kelele ikatoka kama upepo. Kile kitu kilifungiwa ndani kikakosa pa kutokea, kikapata mimi. Na sasa hakitaki tena kutoka. Kimeona nyumba ni nzuri. Kimeona kuna mume anayependa kuitikiwa."

"Usiseme hivyo, dada. Tusome, tumwombe Mungu."

"Soma, nani kakukataza? Lakini soma huku unazibua tundu! Mungu kakupa mdomo na mikono vyote viwili."

Nikabana suti nyingine kambani. Akaniangalia, na hasira yake ilipoa ikawa kitu kizito zaidi.

"Mume wangu amemwita mganga. Watanishika. Nakujua wewe ni mwoga, basi sikuombi kubwa. Shika miguu wewe, usimwachie mtu mwingine. Mtu akitolewa, anatolewa kuanzia miguuni, mama aliniambia. Shika miguu yangu, na usiniachie mpaka nikutukane. Umenielewa? Yule mwingine hajui kutukana. Akikuita mwanangu, bana. Akikusihi, bana. Ukisikia tusi la kweli, la kwako, ujue ni mimi nimerudi mzima. Hapo niachie."

"Nitafanya, dada."

"Apa."

Nikaapa. Kwa jina ambalo mtu hatakiwi kuliapia akiwa hana uhakika na nafsi yake, nikaapa.

Mganga alikuja mchana, wageni wote wakiwa majini. Alikuwa mtu msafi, kanzu imepigwa pasi, fimbo ya mpera mkononi, na alikuwa na sifa. Sina neno na maneno aliyoyasoma, maana maneno yale ni matakatifu na hayana kosa. Neno langu ni na masikio yake. Alituketisha ndani ya stoo, kwa kuwa harufu ilikuwa kali zaidi humo, akatuambia sheria yake: "Anayepiga kelele ndiye jini. Anayesema kwa utulivu ndiye mwenye mwili. Jini halijibiwi. Jini ni mwongo, likiomba kitu, mnyime hichohicho linachoomba." Shemeji akaitikia kwa kichwa, kwa haraka sana.

Dada alilazwa mkekani, kichwa kwa mganga, miguu kwangu. Mwanzo tu wa kisomo alifumbua macho.

"Zibua hilo tundu!" alisema. "Mganga, wewe ni mtu mzima, nisikilize. Kimefungiwa humu. Zibua kitoke!"

"Umesikia?" mganga alimwambia shemeji, bila kumtazama dada. "Linataka tuwafungulie ndugu zake. Usilijibu." Na akamchapa begani.

Naandika nilichokiona. Alimchapa. Mwanamke anasema ukweli, neno kwa neno, jinsi mama yake alivyousema, na kila anaposema ukweli anachapwa, na shemeji amekunja mikono, na mimi nimebana miguu. Akasema, "Mume wangu, wewe ndiye uliyeziba, mwambie!" Fimbo. Akasema, "Chumvi alishika ndoo, mwulizeni Chumvi!" Fimbo. Nikafungua mdomo. Mganga akanitolea jicho, "Halijibiwi!" nami nikaufunga. Nilimwogopa mtu mwenye kanzu ya pasi kuliko nilivyomwogopa Yule niliyemwapia.

Kisha mwili ule ukalegea, jasho likakauka ghafla, na yule mpole akasema kwa sauti kama maziwa: "Ahsante, baba. Umenisaidia. Nimechoka sana. Bado limo, nalisikia linanipigia kelele kifuani. Mfungulieni, baba. Mfungulieni atoke, mimi nibaki."

Mganga akatabasamu. "Huyu ndiye mwenye mwili. Sasa tumsikilize." Akamwambia shemeji azibue.

Unaona? Alipoomba dada, ulikuwa uongo. Alipoomba mwingine, ikawa hekima.

Shemeji akaleta grinda, ile mashine yake ya kukatia, akachomeka, akaikandamiza kwenye ile faiba, na stoo ikajaa vumbi jeupe linalowasha na mlio unaokata meno, na katika mlio ule dada akarudi, akarudi kwa nguvu zake zote, nikaona macho yake yakijaa yeye mwenyewe, yakinitafuta ndani ya vumbi, na akapaza sauti, "Si sasa! Mtoeni yeye kwanza, msifungue nikiwa mimi ndiye ninayefukuzwa!" lakini mganga alikuwa ameinuka, ameinua fimbo, anaamuru, "Wewe unayepiga kelele, toka, toka, toka!" na grinda ikatoboa, na kipande kile cha faiba kikaanguka nje kwenye miamba, na bahari, ambayo ilikuwa imezuiwa siku zote hizo, ikavuta pumzi moja, fyuuu, ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia maishani mwangu, ikavuta vumbi, ikavuta harufu, ikavuta mkeka ukakunjamana, na nikahisi miguu ya dada mikononi mwangu ikivutwa, si nyama wala mifupa, bali kitu kilichokuwa ndani ya nyama, kikiteleza kama mguu unavyoteleza ndani ya suti ya mpira iliyolowa, na nikabana, wallahi nilibana, na nikamsikia akisema kwa sauti ya mbali, "Chumvi, usiniachie," na palepale kutoka kinywa kilekile ikatoka sauti nyingine, laini, karibu kabisa na sikio langu, "Mwachie, mwanangu. Imekwisha. Unaniumiza," na mganga akapiga kelele, "Mwachie huyo, wewe mjinga, unalizuia jini!" na shemeji akasema, "Mwachie mke wangu!"

Nilingoja tusi. Nakuapia nilingoja. Lilikuwa halijaja.

Nikamwachia.

Kelele za dada zilitoka kwa lile tundu. Tulizisikia zikipita ndani ya unene wa ukuta, zikitokea upande wa pili, zikigonga miamba, zikienda juu ya maji, zinatukana, zinatukana, mpaka wimbi likazifunika. Tusi lilikuja, basi. Lilikuja likiwa limeshavuka ukuta, na sikuweza kulisikia ni la nani.

"Mungu mkubwa," mganga alisema, akipangusa kanzu. "Mmesikia jini linavyotoka?"

Mkekani, mwanamke aliketi, akapanga nguo yake vizuri. Akamshukuru mganga. Akamuuliza shemeji kama angependa maji ya kuoga. Akaniangalia mimi, akasema, "Pole, mwanangu."

Sasa nyumba ina amani. Ndivyo wanavyosema. Shemeji amenenepa. Chumba cha mama mkubwa kina wageni watatu na mbao zao. Wanawake wa mtaani wanamtoa mfano kwa mabinti zao: mwangalieni yule, alivyokuwa na alivyo. Hajapandisha sauti tena, hata siku kikombe cha chai ya moto kilipomwagikia mkononi. Aliutazama mkono ukivimba, kwa hamu, kama mtu anayeangalia kitu cha dukani. Mchana wageni wakitoka huchota ndoo ya maji ya bahari akaenda chumbani. Nilimchungulia. Alikuwa ameketi na miguu yake ndani ya ndoo, na maji ndani ya ndoo yalikuwa yanapanda na kushuka.

Nilimwendea mganga nikamwambia tulimtoa mwenye nyumba tukamwacha mwizi. Alicheka. "Mwanamke ametulia, wewe unaita jini? Labda nawe usomewe." Nilimwambia shemeji. Hakucheka. Aliinama akafunga kamba ya ubao wake, akasema polepole, "Chumvi, hata kama." Basi. Hata kama! Maneno hayo mawili yamenifanya nisiweze kula tena mezani kwake. Nakula stoo.

Nilikuwa nimekata tamaa mpaka juzi. Mgeni mmoja, msichana mwenye mabega mapana, asiyejua neno la lugha yetu, alipanda kutoka majini akanipa suti yake, halafu akasimama akanitazama. Akaniambia kwa ishara: kule nje, mahali wimbi linapoinuka kabla halijakunjika, kuna mwanamke anagomba. Kila siku. Wote wanamsikia, wengine hawaendi tena. Akagusa sikio kuonyesha kwamba anakumbuka anachokisema yule mwanamke, maana kinarudiwa rudiwa. Na akakitamka, kwa kukivunjavunja, kama kasuku: "Chum-vi. U-me-am-ka. Au ba-do. Una-fu-fu-li-wa."

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni, nikalia, na kulia kwenyewe kulikuwa na furaha. Ni yeye. Ana hasira bado. Mzima kabisa.

Lakini jana yule aliye ndani alimwambia shemeji, kwa upole wake, kwamba upepo wa stoo unamuumiza kifua. Na leo shemeji amenunua gundi mpya na faiba. Nimemwambia akitaka kuziba aanze na mimi. Nimekaa hapa stoo, mgongo kwenye tundu. Sijui kuogelea, na hili nalo ni la kukiri: maisha yangu yote nimesuuza mbao za watu na maji hayajawahi kunipita kiunoni. Siwezi kumfikia. Wewe unaweza. Umekuja na ubao wako, lugha yetu unaijua, na asubuhi unatoka.

Basi nakuomba. Ukifika pale wimbi linapoinuka, ukamsikia anagomba, usikimbie. Mwambie tundu liko wazi. Mwambie Chumvi yuko stoo, amepitisha mkono wake kwenye ukuta mpaka begani. Mwambie aushike.